Katiba Si Mgao wa Viti

Kila baada ya uchaguzi mkuu, na siku hizi hata kabla yake, tunaimbiwa wimbo uleule. Wakenya wamegawanyika, tunaambiwa, kwa sababu Katiba ya 2010 inampa mshindi kila kitu na kumwacha aliyeshindwa mikono mitupu. Basi tuifungue, tuongeze ofisi kule juu, kila jamii kubwa ipate mtu wake wa kukalia kiti, na nchi itatulia. Wimbo huu ulianza kupigwa kwa sauti ya juu baada ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kushikana mikono tarehe 9 Machi 2018, ukapewa jina la BBI, yaani Building Bridges Initiative. Ulirudi 2023 pale Bomas, kamati ya mazungumzo ya kitaifa iliyoongozwa na Kalonzo Musyoka na Kimani Ichung'wah ilipopendekeza, miongoni mwa mengine, ofisi rasmi ya kiongozi wa upinzani. Sasa tuna serikali jumuishi, iliyotiwa muhuri kwa mkataba wa William Ruto na Raila wa 7 Machi 2025, na zipo sauti zinazotaka kura ya maoni ifanywe siku moja na uchaguzi wa Agosti 2027. Kuanzia steji za Thika hadi vibanda vya Kimbo, Ruiru, utawasikia watu wenye akili zao timamu wakirudia maneno hayo kana kwamba ni neno la msahafu.

Mimi nayapinga, na nayapinga nikiwa hapa hapa kwenye barabara ya Thika, kwa sababu sijui mahali pengine nchini panapoyaumbua vizuri zaidi.

Tuanze na huyo mtu wetu. Kiambu imetoa marais wawili kati ya watano ambao Kenya imewahi kuwa nao: Jomo Kenyatta, aliyetawala hadi kifo chake Agosti 1978, na mwanawe Uhuru, kutoka 2013 hadi 2022. Kwao ni Gatundu, mwendo mfupi tu kutoka Thika. Ukiongeza miaka kumi ya Mwai Kibaki wa Othaya, watu wa Mlima Kenya wamekikalia kiti kile kwa zaidi ya nusu ya umri wa Jamhuri. Kama kuwa na mtu juu kungeleta maji bombani, Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, leo ingekuwa na mabwawa ya kuogelea. Badala yake mabati ya Kiandutu bado yamebanana palepale, mwendo wa miguu kutoka viwanda vilivyoipa Thika sifa yake, na mama bado anapiga foleni na mtungi wa lita 20. Bwawa la Ruiru lina jina letu lakini maji yake huenda Nairobi. La Thika, kule Ndakaini, halikadhalika. Mwenye ghorofa Ruiru anachimba kisima au anasubiri lori la maji. Hali ilikuwa hivyo chini ya Moi wa Baringo, ikabaki hivyo chini ya Kibaki na chini ya Uhuru. Si kwamba hakuna aliyeneemeka. Wapo, na majumba yao yanaonekana, lakini neema yao haikushuka mteremko hadi Makongeni.

Kwa hiyo vigogo wa kwetu wanapolia kwamba Mlima umetengwa, ni halali kuwauliza nani hasa ametengwa, na ametengwa na sahani ipi. Rigathi Gachagua, akiwa naibu wa rais, aliwahi kuifananisha serikali na kampuni yenye wanahisa, kwamba waliowekeza kura nyingi ndio wa kufikiriwa kwanza. Watu hapa walipiga makofi. Hawakuuliza siku ya kugawana hisa upya itakuwaje. Ilikuja upesi: tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa, na waliopiga makofi wakajikuta nje ya kampuni.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ni somo ambalo Thika na Ruiru wamelipata pande zote mbili. Rudi nyuma hadi 1 Septemba 2017. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta ushindi wa Uhuru, majaji wanne dhidi ya wawili. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Miji yetu ilinuna. Rais mwenyewe aliwaita majaji wakora, hadharani, na neno hilo likasafiri kwenye matatu kutoka Githurai hadi Makongeni likizidi kunolewa njiani. Nani aliwapa watu sita mamlaka ya kufuta kura za mamilioni? Katiba gani hii? Miaka saba baadaye, Gachagua alipong'olewa, watetezi wake walikimbilia wapi? Mahakamani, Katiba kwapani, wakidai hakusikilizwa na kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Sisemi hivyo kwa kuwacheka. Walikuwa na haki kamili ya kwenda, na ndicho ninachokitetea: anayeshinda ana polisi, ana bajeti, ana wabunge wa kumwitikia, wala hana shida kubwa na Katiba. Anayeihitaji ni aliyeanguka. Na katika siasa za Kenya kila mtu ataanguka zamu yake.

Ruto mwenyewe ni shahidi. Mwaka 2010 aliongoza kambi nyekundu iliyotaka Katiba hii ikataliwe. Ilipita tarehe 4 Agosti kwa takriban theluthi mbili ya kura. Tarehe 5 Septemba 2022, ushindi wake ulipopingwa, ni mahakama iliyozaliwa na Katiba hiyohiyo iliyouidhinisha, tena kwa kauli moja, na walioshindwa wakaenda nyumbani bila kupenda.

Bila kupenda: hapo ndipo wimbo wa umoja unapokosea. Wanaoiona Katiba imefeli huihukumu kwa kazi ambayo haikupewa. Wanataka ituyeyushe tuwe kitu kimoja, Mkikuyu amwone Mjaluo ndugu, uchaguzi uishe kwa kukumbatiana. Nenda ploti yoyote ya kupanga pale Kimbo: vyumba ishirini, bomba moja, vyoo viwili, kamba za nguo zinazogombaniwa kila Jumamosi. Mkamba wa Matuu anapakana na Mluo wa Siaya, na ng'ambo yao kuna msichana wa Murang'a anayefanya zamu ya usiku kiwandani na anataka kulala mchana. Hakuna keyateka mwenye akili anayewahubiria wapangaji wapendane. Anachowaambia ni zamu ya kuosha choo ni ya nani, maji yanafungwa saa ngapi, redio inapunguzwa lini. Sheria hizo zikimbana hata mpwa wa mwenye ploti, watu wanakaa miaka. Zikianza kumruka mpwa, ugomvi unawaka, na hutauzima kwa kumpa kila kabila keyateka wake.

Najua jibu nitakalopewa, nalo halina mzaha. Nitaambiwa: 2007. Tume ya Waki ilihesabu waliouawa baada ya uchaguzi wa mwaka huo kuwa 1,133, na waliofurushwa makwao walizidi laki sita. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa 1 Januari 2008 watu wakiwa ndani. Wakikuyu walifukuzwa Bonde la Ufa. Wapangaji kutoka magharibi wakafukuzwa miji kadhaa ya Kati, na wengi walioishi kwenye ploti kama hizi walilala na viatu. Basi, nitaulizwa, si ni serikali ya nusu mkate iliyozima moto ule? Si ni viti vilivyogawanywa?

Moto ulizimwa hivyo, ndiyo. Mtu akiwa anavuja damu unamfunga kwa kitambaa chochote kilicho karibu, na Kofi Annan alifanya hivyo Februari 2008. Lakini kilichowasha moto si uhaba wa viti. Kilichouwasha ni kwamba hapakuwa na mwamuzi ambaye upande ulioshindwa ungemwendea. Raila alikataa katakata kwenda mahakamani, kwa sababu aliamini mahakama ile ilikuwa mfukoni mwa Ikulu, na tume ya uchaguzi haikuwa na uso wa kumtazama mtu. Katiba ya 2010 ilijibu hilo hasa: majaji wasiteuliwe kwa utashi wa mtu mmoja, Mahakama ya Juu iwepo, kesi ya urais imalizwe kwa siku 14. Mwaka 2013 Raila yuleyule alikwenda, akashindwa, akasema hakubaliani na uamuzi lakini atauheshimu. Nchi ikalala. Nusu mkate, kwa upande wake, ilitupa baraza la mawaziri 40, ambalo Kifungu cha 152 kililipunguza baadaye hadi lisizidi mawaziri 22. Sijawahi kukutana na mkazi wa Ruiru anayewakosa wale wengine.

Wala 2017 haikuwa safi. Polisi waliua waandamanaji Nairobi na Kisumu. Mtoto wa miezi sita alipigwa na polisi akiwa nyumbani kwao Kisumu, akafa. Lakini niambieni ni kifungu gani kilichokosekana ambacho kingeokoa maisha yale. Haki ya kuishi ipo, Kifungu cha 26. Haki ya kuandamana ipo, Kifungu cha 37. Walioua walizivunja, na wengi wao hawajahukumiwa. Ofisi ya waziri mkuu ingemzuiaje askari mwenye rungu?

Nije sasa kwenye jambo litakaloniudhia majirani. BBI ilikuwa na asali yake kwetu. Kati ya maeneobunge mapya 70, Kiambu ingepata 6, juu ya 12 iliyo nayo. Ni Nairobi pekee iliyopangiwa zaidi. Wengi hapa waliona kuipinga ni kujisaliti wenyewe. Mahakama Kuu iliizuia Mei 2021, ya Rufaa ikaizuia Agosti, na Mahakama ya Juu ikaizika tarehe 31 Machi 2022, ikisema rais hawezi kuanzisha mpango ambao Katiba imewaachia wananchi, na kwamba yale maeneobunge 70 yalichomekwa bila umma kushirikishwa. Tukaambiwa majaji wametunyang'anya.

Wametunyang'anya nini? Jaribio lilishafanywa hapa. Kabla ya uchaguzi wa 2013 eneobunge la zamani la Juja lilikatwa vipande vitatu: Juja, Thika Mjini na Ruiru. Palipokuwa na mbunge mmoja pakawa na watatu, kila mmoja na ofisi yake, mfuko wake wa maendeleo na picha yake kwenye lango la shule. Mvua ya Aprili inaponyesha, matope ya Mwihoko hayana habari. Kusawazisha idadi ya watu katika maeneobunge ni jambo la haki, na Ruiru imefurika kweli; lakini hiyo ni kazi ambayo Kifungu cha 89 kimeipa tume ya uchaguzi, kwa vigezo vinavyojulikana. Haipaswi kuwa bakshishi ya kutufanya tutie sahihi kitabu kizima.

Hoja ya shilingi nayo ina kichwa na miguu, siikatai moja kwa moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.4 Kiambu na chini ya milioni moja Turkana, na bado mgao wa Turkana kutoka hazina ya taifa umekuwa ukizidi wa Kiambu. Mtu mmoja, kura moja, shilingi moja: nani asiyeielewa? Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inaanzia leo asubuhi. Mwaka 1965 serikali ya Jomo ilitoa Waraka Nambari 10, ulioamua kwamba fedha za maendeleo ziwekwe kwanza pale penye rutuba, mvua na barabara, ili zizae haraka. Penye rutuba, mvua, barabara na reli ndipo hapa. Viwanda vya Thika havikuota kama uyoga. Turkana ilisubiri, ikaendelea kusubiri hadi 2010, Katiba iliposema mgao uangalie pia pengo baina ya maeneo na watu walioachwa nyuma. Tukikataa hilo leo, tutakuwa tumekula mavuno ya 1965 na kudai kwamba shamba lilipandwa na Mungu. Na wanaoipenda shilingi moja wajaribu kuigawa ndani ya Kiambu yenyewe, baina ya Githurai na kijiji cha gavana yeyote, tuone kama shauku itadumu.

Waliosoma hadi hapa wanaweza kudhani naiona Katiba kama malaika. La hasha. Ninachosema ni kwamba mahali inapovunjika ni huku chini, sio kule juu tunakoonyeshwa, na hapa Kiambu tuna kumbukumbu za kutosha. Serikali ya kaunti ilipokuwa changa, chini ya gavana William Kabogo, ilipitisha Sheria ya Fedha ya 2013 na kuwabebesha watu ada mpya. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, katika kesi ambayo mawakili wote wa Kenya wanaijua kwa jina la Gakuru. Jaji George Odunga aliifuta sheria nzima Aprili 2014. Alisema kuushirikisha umma si jambo la kutimiza ili mradi tu. Bunge la kaunti liwafuate watu wanakokusanyika, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na redio za lugha za mama. Kesi hiyo ikawa msingi, ikanukuliwa kaunti nyingine na mahakama za juu. Tazama waliokuwa wakigombana: Wakiambu dhidi ya Wakiambu, mlipa ada dhidi ya mtoza ada. Kabila halikuwemo hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa pia Ferdinand Waititu alipotimuliwa ugavana. Waliomshtaki Desemba 2019 walikuwa madiwani wa bunge la kaunti lililojaa wanachama wa Jubilee, chama chake mwenyewe. Seneti ikathibitisha Januari 2020, na Februari 2025 mahakama ikampata na hatia katika suala la zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588. Angekuwa wa kabila lingine tungeambiwa amewindwa.

Sasa nenda kaone hukumu ya Gakuru ilivyogeuzwa. Aliyewahi kuketi kwenye kikao cha bajeti cha wadi anaujua utaratibu. Tangazo limetoka gazetini siku chache kabla, kwa Kiingereza, kwenye ukurasa ambao mama mboga wa Soko la Madaraka atauona siku atakapofungia sukuma wiki. Viti vya plastiki vimepangwa. Wanaokuja ni walewale: wazee wa Nyumba Kumi, vijana wa mheshimiwa, mstaafu mmoja mwenye faili. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa kabla hata ya maombi, maana ndiyo itakayopelekwa kuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Kitabu cha makadirio kimo kwenye kompyuta ya afisa. Wewe umepewa kikaratasi. Mstaafu anauliza kuhusu mtaro wa maji taka ulioziba tangu mwaka juzi, na aliuliza mwaka jana. Anaambiwa hoja yake imenakiliwa. Kisha soda na mkate, na watu wanaenda zao. Hakuna mkutano wa vigogo unaoitishwa kuhusu kikao hiki, wala hakuna mkataba utakaotiwa sahihi KICC kwa ajili ya mtaro ule, na hali hapa ndipo raia wa Ruiru anapokutana na Katiba uso kwa uso.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ajira za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Wanaolia kwamba jamii zinatengwa kitaifa wangeanza na orodha ya waajiriwa hapa. Mkisii aliyezaliwa Makongeni, akasoma Makongeni na kuzika wazazi wake Thika, amejumuishwa vipi waziri mmoja kutoka Kisii akiapishwa Nairobi? Kifungu cha 39 kinamruhusu kuishi popote. Kinachomsumbua ni karani anayemuuliza kwao ni wapi.

Juni 2024 vijana waliotoka kupinga Mswada wa Fedha walilielewa hili kuliko sisi wazee. Walisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Walichokuwa nacho ni simu zenye nakala ya Katiba, na walikijua Kifungu cha 37 kwa moyo. Usiku wa tarehe 25 risasi zililia Githurai. Kufikia 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 kote nchini. Rais alikataa kuutia sahihi mswada ule tarehe 26 Juni, na muda si muda jibu la wakubwa likawa lilelile: wakagawana wizara. Hakuna kijana hata mmoja aliyekuwa ameomba wizara.

Kwa hivyo, msomaji wa Thika, wa Ruiru, wa Juja katikati yao: fomu za kukusanya sahihi milioni moja zitakuja tena, huenda zikaletwa mlangoni na mtu unayemheshimu. Kabla ya kushika kalamu, mwombe akuonyeshe vifungu vinavyobadilishwa, kwa Kiswahili, na akutajie nafasi za kazi zinazoundwa na zinalipwa na nani. Asipoweza, usitie sahihi. Halafu ulizia siku ya kikao kijacho cha bajeti katika wadi yako, uende na majirani wawili, na mdai kitabu kizima cha makadirio.